Shida yako Mwanza uipeleke ofisi ipi

Kwanza tuelewane kuhusu neno "jimbo". Nigeria au Marekani jimbo ni serikali kamili: lina gavana aliyepigiwa kura, bunge la kutunga sheria na mahakama zake. Hapa Tanzania jimbo ni eneo la kumpata mbunge tu, na mkuu wa mkoa si gavana, bali mteule wa Rais. Hata ng'ambo ya ziwa, Kisumu, gavana wa kaunti anapigiwa kura tangu 2013.

Mwanza kuna ngazi mbili. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ni wa Serikali Kuu. Mtaa au kijiji, kata na halmashauri ni serikali za mitaa. Ukipanda ngazi isiyo ya shida yako, utazungushwa hadi uchoke.

Anza kwa kujua uko halmashauri gani. Mkoa una wilaya 7 lakini halmashauri 8, kwani wilaya ya Sengerema ina mbili: Sengerema na Buchosa. Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Nyamagana peke yake. Ilemela ina manispaa yake tangu 2012. Hapo ndipo wauza dagaa wageni hukwama, maana soko la Mwaloni liko Kirumba, na Kirumba ni Ilemela. Ukipanga foleni Jiji kuomba leseni ya kibanda cha Mwaloni, utarudishwa. Kama huna uhakika, muombe jirani wa kibanda risiti yake ya ushuru usome jina la halmashauri.

Kisha anzia chini. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi. Mtendaji ni mwajiriwa na ndiye mwenye mafaili. Barua ya utambulisho inaanzia kwao. Malalamiko yaandike nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Watu huona aibu kuomba muhuri huo. Usione aibu, kwa sababu bila huo, ngazi ya juu itakuuliza ulianzia wapi na hutakuwa na cha kuonyesha. Kijijini, Ukerewe au Misungwi, kuna silaha nyingine: mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukaa kila miezi 3. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 au zaidi anaruhusiwa kusimama na kudai asomewe mapato na matumizi.

Kwenye halmashauri wengi humkimbilia meya. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake na kuongoza vikao vyao. Shughuli za kila siku na malipo viko kwa mkurugenzi, ambaye naye ni mteule wa Rais. Kwa hiyo mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) usimwombe meya. Kikundi kianze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Ukitozwa ushuru mpya, uliza ni sheria ndogo ipi. Madiwani wakishaipitisha, bado inahitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Na usitoe pesa mkononi: omba kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali.

Mengine si ya halmashauri kabisa, yana taasisi zake za serikali. Barabara ya mtaani ni TARURA tangu 2017, barabara kuu ni TANROADS. Bomba la maji mjini ni MWAUWASA, vijijini ni RUWASA. Diwani atakusemea kwenye kikao, ila greda si lake.

Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa kamati ya usalama. Mwendee kama ugomvi unahatarisha amani, au halmashauri imekaa kimya na nakala zako zenye muhuri unazo. Mgogoro wa kiwanja si wa kumpelekea akuhukumie. Hana mamlaka hayo. Nenda baraza la ardhi la kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na mkishindwana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa mkuu wa mkoa nenda mwisho. Akisikiliza kero hadharani, swali la kwanza huwa moja: mtendaji wa kata alikujibu nini? Uwe na karatasi hiyo mkononi kabla hujashika kipaza sauti.