Jinsi ya kuipima anime ya mapenzi au haremu kabla hujaifuta kwenye simu

Mara ya kwanza kuangalia Toradora, anime ya mapenzi, yani katuni ya Kijapani, niliizima hata episodi ya kwanza haijaisha. Nilichoona ni kabinti kafupi kanapiga watu, jamaa ana macho makali mpaka wanafunzi wenzake wanamkwepa, nikasema hizi ni zile zile tu, nikafuta faili nipate nafasi kwenye simu. Baada ya kama mwaka rafiki yangu akanibana niirudie mpaka mwisho, zote 25, na nilipomaliza nilikaa kitandani muda mrefu sina la kusema, nikawa najiuliza ni ngapi nyingine nimezifuta hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kuangalia hizi anime na ndo nataka nikupe, maana naona watu wengi wanazikosa nzuri kwa sababu ya dakika ishirini za mwanzo, na wengine wanapoteza miezi kwenye mbovu kwa sababu mwanzo ulikuwa mtamu.

Kwanza uelewe kwa nini episodi ya kwanza inakuwa vile. Anime nyingi za mapenzi zinatoka kwenye manga, yani vitabu vya katuni vya Kijapani, au riwaya za vijana, au yale magemu ya kusoma, na mara nyingi sizoni moja ni episodi 12 au 13 tu, inarushwa usiku sana kule Japani, na wiki hiyo hiyo kuna nyingine kibao nazo zinaanza. Sasa hapo mtengenezaji anafanya kama mwenye duka asubuhi, anatoa bidhaa zote anazipanga mbele: huyu mpole, huyu mkali, huyu haongei, huyu rafiki wa utotoni, huyu kahamia jana. Wewe unaona mashelfu ukadhani ndo umeijua stori. Na wale wakali wanaopiga piga, tsundere wanaitwa, wanawekwa mbele kabisa kwa sababu wanavuta macho haraka kuliko mtu anayewaza kimya.

Hili neno haremu lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na haramu yetu na maharimu, yani sehemu ya nyumba ambayo mgeni haingii. Kwenye anime limebaki na maana ya mtu mmoja kuzungukwa na wengi wanaompenda, basi, kwa hiyo usitegemee ndoa ya mitala humo ndani, mara nyingi hata kushikana mkono ni episodi nzima.

Sasa utaratibu. Ukimaliza episodi ya kwanza fungua sehemu ya kuandikia kwenye simu, andika kila mhusika sentensi moja, vile unavyomuona wewe, bila kujizuia. Mimi ya Taiga, yule kabinti kafupi wa Toradora, ningeandika "mkorofi, anapiga bila sababu". Usifute. Kisha rudia ile episodi haraka haraka ukitafuta kitu kimoja tu ambacho sentensi yako haikielezi. Kwa Taiga kipo wazi kabisa ukitulia: amekosea begi, barua yake ya mapenzi ameiweka kwenye begi la Ryuuji, yule jamaa wa macho makali, badala ya la rafiki wa huyo jamaa, usiku anamvamia nyumbani na upanga wa mbao ili amsahaulishe, halafu kumbe bahasha yenyewe haina kitu ndani, alisahau kuweka barua. Na katikati ya vita anaanguka, njaa. Ryuuji anaacha ugomvi anaingia jikoni anamkaangia wali. Hapo jiulize, binti wa kishua anayekaa kwenye jengo la maana pale pembeni, kwa nini ana njaa hivyo na yuko peke yake? Nyumba yake ukija kuiona jikoni kunanuka, vyombo vimeoza kwenye sinki, hamna mzazi. Episodi ya kwanza ilikuwa imeshakuambia, ila ilikuambia kwa sauti ya chini huku inakuchekesha kwa sauti ya juu. Ndo maana ukiwa unaangalia huku unachati, haitakuingia.

Halafu hatua ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, kama una muda wa kitu kimoja basi fanya hii: angalia kama stori inakumbuka. Haremu mbovu haina kumbukumbu, jambo linatokea episodi ya tatu, watu wanalia, ya nne imeanza kila mtu yuko kama juzi. Nzuri inabeba. Chukua ile ya mapacha watano, Go-toubun no Hanayome, iliyoanza 2019. Kwa juu ni haremu mpaka basi, jamaa mmoja maskini, Fuutarou, analipwa kufundisha masista watano wanaofanana sura, na dakika za mwanzo tu unaonyeshwa harusi, yani unajua ataoa mmoja wao ila hujui yupi. Mtu anaiona hiyo anasema aah. Lakini tulia na Miku, yule wa hedifoni. Anamkaribisha Fuutarou soda ya chai ya kijani, anamwambia usiogope, haina kamasi. Jamaa haelewi, na wewe huelewi, unaona ni ukichaa tu. Kumbe binti ni mpenzi wa historia ya mabwana vita wa Japani ya zamani, na kuna kisa cha Ishida Mitsunari aliyekunywa chai bila kusita baada ya Otani Yoshitsugu kudondoshea kamasi kwenye kikombe. Amemtega kuona kama kweli anajua anachojifanya kujua. Jamaa kafeli, na badala ya kupita njia anaenda maktaba anasoma vitabu vyote vya kipindi hicho, anarudi kwake na jibu. Hiyo soda peke yake imefanya kazi tatu: imeonyesha Miku anaficha anachokipenda kwa sababu anaona aibu, imeonyesha Fuutarou ni mtu wa aina gani, na imeweka mwanzo wa hisia za Miku kwake, ambao ukiulizwa "kwa nini anampenda" unao jibu. Haremu mbovu swali hilo haina jibu, atakwambia alimuokoa asianguke kwenye ngazi.

Na Fuutarou mwenyewe anatambulishwa vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Kantini ya shule anaagiza seti ya nyama choma, nyama itolewe. Yani wali, supu na achari kwa bei ndogo. Sekunde chache tu lakini umeshajua nyumbani kwao kukoje na kwa nini atavumilia matusi ya wale mabinti mpaka mshahara utoke. Kwenye mtihani wa kwanza aliowapa, masista wote watano kwa pamoja wanapata 100, ukijumlisha marks zao zote. Iweke hiyo namba kichwani uone stori inaifanyia nini huko mbele.

Nino je, mmoja wa wale mapacha, anayemwekea Fuutarou dawa ya usingizi kwenye maji episodi ya kwanza? Hapo sikatai, ni kosa kubwa na ukikasirika uko sahihi. Ninachosema ni usimuhukumu muandishi kwa kosa la mhusika mpaka umeona muandishi analichukuliaje. Nino anawaona dada zake kama dunia yake yote na kila mgeni ni mwizi, na hiyo hasira inafuatiliwa mpaka sizoni ya pili ya 2021, haiachwi. Kungekuwa kimya kabisa baada ya ile siku ningekuwa wa kwanza kukwambia uizime.

Kipimo kingine mtoe jamaa kwenye chumba. Kwenye akili yako tu, mtoe halafu uliza hawa wadada wanabaki na nini cha kuongea. Mapacha wana ugomvi wao, wana mama yao aliyefariki, wana nani anamfunika nani, jamaa akiwepo au asiwepo. Kuna anime nyingine ukimtoa jamaa wote wanabaki wamesimama kama nguo kwenye henga. Ukiona mabinti wawili hawajawahi kukaa peke yao wakaongea kitu kisichomhusu yeye mpaka episodi ya sita, hapo kuna tatizo. Na hiki kipimo kinafanya kazi hata kwa zile za kugeuza, binti mmoja wavulana wengi. Ouran High School Host Club ya 2006 inaanza na Haruhi kuvunja chombo cha yeni milioni 8 na kulipa deni kwa kuitumikia klabu ya matajiri, inaonekana mzaha mtupu, lakini wale wavulana wana mambo yao ya familia ambayo hayamsubiri Haruhi.

Kuhusu jamaa mwenyewe. Watu wanalalamika wahusika wakuu wa haremu ni wazito, hawachagui, hawaoni. Kweli wengi ndo walivyo. Ila tofautisha asiyechagua kwa sababu muandishi anaogopa kupoteza wateja, na asiyechagua kwa sababu ndo ugonjwa wenyewe unaozungumziwa. School Days ya 2007 ina picha za kawaida kabisa na mwanzo wa kawaida, kijana anampenda binti wa kwenye treni, rafiki wa darasani anajitolea kumsaidia, na mwisho wa episodi ya kwanza huyo msaidizi anambusu jamaa pale stesheni anasema hayo ndo malipo yake. Ukiona hiyo busu kama utamu umeikosa stori, maana kila baya linalokuja lina mzizi pale. Episodi ya mwisho ilizuiwa isirushwe siku yake kwa sababu kulikuwa kumetokea mauaji kule Kyoto, wakaweka picha za mandhari badala yake. Sio ya kila mtu, ina mambo mazito na damu, lakini sijaona nyingine inayomwambia mtu asiyeamua ukweli kama ile.

Sikiliza majina pia, hii sisi tunaoangalia kwa maandishi ya chini tunaikosa sana. Mtu anayemwita mwenzake kwa jina la ukoo na san, neno la heshima, mwishoni, siku akimwita kwa jina lake mwenyewe, hapo pametokea kitu kikubwa na maandishi mara nyingi hayaonyeshi. Ni kama huku mtu aliyezoea kukuita kaka siku moja anakuita jina lako, unageuka. Na neno suki, yani napenda, linatumika kwa chakula na kwa mtu, kwa hiyo binti akisema suki halafu akageuza kuwa alikuwa anazungumzia keki, sio ujinga, lugha yake ndo inampa huo mlango wa kutokea. Kule kukiri mapenzi ni tendo kabisa lenye jina lake, kokuhaku, na kwa kawaida uhusiano unaanzia hapo, kabla ya hapo hata kama wanatembea pamoja kila siku hamna kitu rasmi. Ndo maana wanachelewa hivyo. Ukijua hilo uvumilivu unaongezeka.

Mwisho wa anime usiupime bila kuangalia manga ilikuwa imefika wapi. Nisekoi sizoni zake ni za 2014 na 2015, manga ikaisha 2016, ingemalizaje sasa? Haikuwa na mwisho wa kutumia. Kwa hiyo kabla hujaanza, angalia kama chanzo kimeisha na kama anime imefika huko, uamue mwenyewe kama unaweza kuishi na stori iliyokatwa.

Na Clannad ni kesi ya peke yake. Ya kwanza ya 2007 ina macho makubwa kupita kiasi, wasichana mmoja baada ya mwingine na matatizo yao, kwa sababu imetoka kwenye gemu ambalo kila binti ana njia yake, na wengi wanaishia humo. Lakini ile ndo gharama ya kuingia After Story, sehemu yake ya pili, ambayo inafanya kitu anime nyingi za mapenzi hazikigusi, inaendelea baada ya shule. Tomoya, mhusika mkuu, anapata kazi ya fundi umeme, anarudi jioni mwili umemwisha, anahesabu mshahara, anaishi kwenye chumba kidogo. Siwezi kusema zaidi bila kukuharibia.

Sasa wakati wa kuacha. Watu wanasema episodi tatu, mimi kwa mapenzi nasema nusu ya sizoni, yani ya sita. Ukifika hapo rudi kwenye zile sentensi zako. Kama hakuna hata moja iliyovunjika, kila mtu yuko vile vile ulivyomuandika siku ya kwanza, na kichekesho cha kuangukiana kimerudi kwa mara ya nne, acha bila kujisikia vibaya. Na kama kinachokukera ni namna kamera inavyowaangalia watoto wa shule, hata usisubiri ya sita, hiyo sababu inajitosheleza na hakuna anayepaswa kukwambia eti huelewi sanaa.

Ukitaka kujaribu huu utaratibu anza na Toradora maana imeisha. Andika sentensi ya Taiga leo. Ifungue tena baada ya zile episodi za tamasha la shule, 11 mpaka 13, pale Ryuuji anamshawishi ampokee baba yake kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuwa na baba, na wewe unakubaliana naye kabisa. Halafu ifungue kwa mara ya mwisho baada ya 19, ile ya Krismasi, jamaa kavaa nguo za dubu. Hiyo iangalie usiku, na hedifoni, peke yako.