Somo: Namna ya kuchambua mechi ya timu mbili za mkiani Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) kabla haijapigwa

Wadau, salaam. Mechi ya Liverpool na Arsenal kila mtu anaichambua. Ikija ya timu ya 17 na ya 18 (kuanzia nafasi ya 18 unashuka daraja), uchambuzi unaishia mstari mmoja: "zote mbovu, sare hiyo." Mimi naona hizi ndizo mechi tamu zaidi kuandikia, ukijua pa kutazama.

Mfano wetu mkuu ni mechi ambayo Watanzania wengi tuliikodolea macho: Bournemouth dhidi ya Aston Villa, 1 Februari 2020, siku mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipocheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza.

Hatua ya 1: Soma msimamo, kisha uutilie shaka

Andika pointi za kila timu, mechi zilizobaki na tofauti ya mabao. Timu zikilingana pointi, EPL inaangalia kwanza tofauti ya mabao, halafu mabao ya kufunga. Kwa hiyo kupigwa 5-0 siyo sawa na kupigwa 1-0, hata kama pointi zilizopotea ni zilezile.

Angalia pia kama kuna timu iliyokatwa pointi. Msimu wa 2023/24 Everton ilikatwa 10, rufaa ikazishusha hadi 6, baadaye ikakatwa 2 nyingine. Nottingham Forest ilikatwa 4. Aliyetazama msimamo tu alidhani Everton ni dhaifu kuliko ilivyokuwa uwanjani.

Kabla ya mechi yetu Villa ilikuwa na pointi 25, Bournemouth 23. Hapo unapata sentensi yako ya kwanza bila jasho: mwenyeji akishinda anampita mgeni.

Hatua ya 2: Tafuta timu inapoteza vipi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Timu kubwa ichambue kwa jinsi inavyoshinda. Timu ya mkiani ina ushindi mchache mno wa kukufundisha chochote, kwa hiyo chukua vipigo na sare zake ujiulize: bao lililoiumiza liliingia dakika ya ngapi? Kwa kona? Kwa penalti? Baada ya kadi nyekundu?

Chukua msimu wa 2024/25. Leicester, Ipswich na Southampton zilipanda pamoja na zikashuka pamoja. Zilipokutana zenyewe kwa zenyewe ilikuwa hivi:

- Southampton 1-1 Ipswich: Sam Morsy anasawazisha dakika za nyongeza.
- Southampton 2-3 Leicester: Southampton inaongoza 2-0, Ryan Fraser anapewa nyekundu kwa kumvuta Jamie Vardy ndani ya boksi, penalti inaingia, halafu Jordan Ayew anamaliza kazi dakika ya 98.
- Ipswich 1-1 Leicester: Ipswich inaongoza, Kalvin Phillips anatolewa kwa kadi, na Ayew tena anasawazisha dakika za nyongeza.
- Ipswich 1-2 Southampton: Paul Onuachu anapachika bao la ushindi dakika ya 87.

Mechi nne, na zote nne pointi zilihama mwishoni. Sasa tazama mbili zilizobaki, zilizopigwa Mei 2025 wakati timu zote tatu zimeshashuka: Leicester 2-0 Southampton, Leicester 2-0 Ipswich. Shwari kabisa, kama mechi za mazoezi. Na hiyo Leicester ilikuwa imetoka kupoteza mechi tisa mfululizo za ligi nyumbani bila kufunga hata bao moja! Kwa maoni yangu zile patashika za mwanzo zilitokana na woga zaidi ya ubovu wa wachezaji. Timu inaongoza, inarudi nyuma, inabutua, inajipa presha yenyewe.

Kwa hiyo kwenye uchambuzi wako usiishie "safu ya ulinzi ni dhaifu". Andika: "Ipswich haijui kulinda bao moja." Msomaji atakuelewa.

Hatua ya 3: Nani hayupo

Kikosi cha timu ya mkiani ni kifupi, akiumia mmoja pengo linaonekana. Villa ilimpoteza mshambuliaji wake Wesley na kipa Tom Heaton katika mechi moja, dhidi ya Burnley, siku ya Mwaka Mpya 2020. Dirisha dogo la usajili ikamleta Samatta kutoka Genk na Pepe Reina kwa mkopo kutoka Milan. Hivyo ilifika Bournemouth na kipa mgeni nyuma na mshambuliaji mgeni mbele. Hiyo ndiyo habari ya mechi. Kusema tu "Samatta leo kazini" ni nusu ya kazi.

Hatua ya 4: Kocha

Angalia kama ni mpya, kisha usonge mbele. Nimeeleza zaidi kwenye maswali.

Hatua ya 5: Andika utabiri unaoweza kukosolewa

Sema matokeo, sema na sababu. "Lolote linaweza kutokea" siyo utabiri. Kwa mechi yetu ningeandika: "Atakayetangulia atarudi nyuma kulinda. Samatta ana nafasi ya kichwa kipindi cha pili, kwa sababu krosi zitakuwa nyingi."

Kilichotokea: Philip Billing na Nathan Aké waliipa Bournemouth mabao mawili kabla ya mapumziko. Jefferson Lerma akapewa nyekundu mwanzoni mwa kipindi cha pili, Samatta akafunga kwa kichwa, Bournemouth ikang'ang'ana na watu kumi hadi mwisho. 2-1.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Morogoro: *Mkuu, kwa hiyo Bournemouth walibaki ligi kuu?*

Hapana ndugu yangu, na hapo ndipo mpira unapokera. Bournemouth iliifunga Villa mechi zote mbili msimu ule, 2-1 na 2-1, lakini ikashuka na pointi 34. Villa ilibaki na 35. Kumbuka pia sare ya 0-0 ya Villa na Sheffield United, Juni 2020: mpira ulivuka mstari wa goli la Villa na mitambo haikuonyesha kitu. Ile pointi moja ndiyo iliyowabakisha. Ukiandika kwamba mechi fulani "itaamua kila kitu", ujue unatia chumvi.

Mdau wa Mombasa: *Kaka, ile hesabu ya pointi 40 bado ina maana?*

Imebaki mazoea tu. West Ham ilishuka na pointi 42 mwaka 2003. Upande wa pili, Forest ilibaki na 32 mwaka 2024, na msimu uliofuata Leicester ilimaliza ya 18 na pointi 25. Hesabu pengo kati ya timu yako na aliye nafasi ya 18, achana na 40.

Dada mmoja wa Mwanza: *Kocha mpya anaongeza nguvu au ni stori tu?*

Swali zuri, dada. Leeds ilimleta Sam Allardyce zikiwa zimebaki mechi nne mwaka 2023. Ikapata pointi moja, ikashuka. Leicester 2014/15 ilibaki na Nigel Pearson wakati kila mtu anataka afukuzwe, ikashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho na kunusurika. Swali la kujiuliza ni kama kocha mpya anabadilisha kile kinachoifungisha timu. Kama shida ni kupoteza mpira karibu na goli lao, je, huyu ataacha kuanzia pasi kwa kipa?

Mdau wa Kigoma: *Naweza kutumia somo hili kwenye mkeka wa kubeti?*

Mechi nne kati ya sita nilizotaja hatua ya 2 ziligeuka dakika za mwisho. Ukijua hivyo, kutaja mshindi ni kujitafutia presha. Mimi mechi hizi naziandikia tu.

Mdau wa Nairobi: *Na sisi wa Man United ya 2024/25, tulikuwa timu ya mkiani?*

Nafasi ya 15, pointi 42. Tottenham (Spurs) ya 17, pointi 38. Na fainali ya Europa League mkacheza nyinyi kwa nyinyi, Spurs ikashinda 1-0 kwa bao la Brennan Johnson kabla ya mapumziko, kisha ikajazana nyuma kipindi kizima cha pili. Rudi hatua ya 2, kaka.