Kabla ya kushuka mwezini: mambo ya kuzingatia mnapoanza Lethal Company

Karibu kila anayeanza Lethal Company huuliza anunue nini kwanza, tochi au koleo. Nitalijibu swali hilo huko mbele, lakini lipo jingine linalotangulia: unacheza na nani, na mtasikilizana vipi? Hili ni gemu la watu wasiozidi wanne, na sehemu kubwa ya hofu yake, pamoja na kicheko chake, imebebwa na sauti zenu wenyewe. Sauti ikiwa sawa, mengine mtajifunza humohumo ndani. Sauti ikiwa mbovu, mtakuwa mnaokota skrepa gizani tu.

Kwa asiyelijua, kwa ufupi ni hivi. Gemu lilitoka Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tarehe 23 Oktoba 2023 likiwa bado linaendelea kujengwa, kazi ya mtengenezaji mmoja anayejulikana kwa jina la Zeekerss, na katika tuzo za Steam za 2023 wachezaji walilipigia kura kuwa gemu linalonoga zaidi ukiwa na marafiki. Nyinyi ni waajiriwa wa kampuni. Mnashuka na chombo cha angani kwenye mwezi, mnaingia kwenye jengo lililotelekezwa, mnakusanya skrepa, mnairudisha chomboni, kisha mnaipeleka kampuni kuiuza. Kampuni imewawekea kiwango cha kufikisha: cha kwanza ni 130 kwa fedha ya gemu, ndani ya siku tatu, na kinapanda kila mnapokivuka. Mkishindwa, mnafukuzwa kazi na kuanza moja. Siku ya gemu huanza saa mbili asubuhi, na ikifika saa sita usiku chombo kinaondoka chenyewe. Kwa saa yako ya ukutani hizo ni dakika kumi na ushei. Aliyebaki nje, amebaki.

Tuanze na vifaa na pesa, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukwama kabla hata ya kucheza. Gemu ni la kompyuta ya Windows, na kila mchezaji anahitaji nakala yake. Linataka angalau RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1050, lakini kwenye diski linachukua takriban GB 1 tu, kwa hiyo kulishusha hakumalizi bando. Bei yake ni dola 9.99. Aliyeko Kenya anaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya kidijitali ya M-Pesa. Kwingineko kadi yoyote ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni inatosha. Kuna jambo moja ambalo wageni wa Steam hawaambiwi: akaunti ambayo haijatumia angalau dola 5 dukani humo hufungiwa baadhi ya huduma, ikiwemo kutuma maombi ya urafiki. Ukinunua gemu moja kwa moja Steam, kizuizi hicho kinaondoka. Ukinunua msimbo kwenye duka jingine na kuuingiza Steam, hauhesabiwi, nawe utashangaa kwa nini huwezi kuwaongeza wenzako. Kama una wasiwasi na kompyuta yako, nunua, ingia, tazama inavyokwenda: Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili.

Sasa sauti. Ndani ya gemu unamsikia mwenzako kulingana na mahali alipo. Akiwa bega kwa bega nawe, anasikika vizuri. Akienda korido ya pili, anafifia. Akizidi hapo, humsikii kabisa. Ndiyo sababu nasisitiza kwa nguvu zangu zote: msifungue simu ya WhatsApp wala Discord pembeni. Mkifanya hivyo mnasikiana popote, na gemu linabaki mifupa. Fikiria mko wawili kwenye ngazi za chuma, mwenzako anakwambia, “Subiri, huku kuna mlango na kitu kama ken…” na sauti inakatika hapohapo. Hakuna maandishi yanayotokea kwenye skrini kukuambia kilichompata. Pengine amekata kona tu. Pengine hayupo tena. Unasimama na tochi yako ukiamua kama utamfuata au utarudi mlangoni, na uamuzi huo ndio gemu lenyewe. Simu ya pembeni inawanyima hilo, kwa sababu marehemu ataendelea kuwasimulia alichokiona. Kwa utaratibu wa gemu, waliokufa huongea wao kwa wao na kutazama waliobaki, bila walio hai kuwasikia.

Kwa hiyo kila mmoja awe na hedifoni na maikrofoni. Hata earphone za simu zinafaa kama kompyuta inazipokea. Ukitumia spika, sauti za wenzako zitarudi kupitia maikrofoni yako na kuwachosha wote, tena utashindwa kutambua kama hatua unazozisikia zinatoka kushoto au nyuma. Jaribuni maikrofoni kwenye mipangilio ya gemu kabla ya siku yenyewe. Anayeishi nyumba yenye watu wengi, au jirani na jenereta, achague mtindo wa kubonyeza kitufe ndipo aongee. Hapa adabu si sababu pekee. Jioni hutokea nje viumbe wakubwa wanaoitwa Eyeless Dogs. Hawaoni hata kidogo, lakini wanasikia, na wanachosikia ni pamoja na sauti inayoingia kwenye maikrofoni yako. Mtu akiita chakula tayari sebuleni kwenu wakati umejibanza nyuma ya jiwe, kiumbe anageuza kichwa. Waambieni wa nyumbani mapema kwamba kwa saa hizo mtakuwa na kelele, na mtahitaji utulivu.

Suala la pili la kuamua mapema ni nani afungue chumba. Gemu hili huendeshwa kwenye kompyuta ya mwenyeji, yaani yule aliyefungua chumba, na maendeleo yenu yote yanahifadhiwa kwake. Umeme ukikatika kwake, wote mnatoka, na siku ambayo haijaisha inapotea. Mwenyeji awe mwenye intaneti tulivu kuliko wote, hata kama si mchezaji hodari, na kama yupo mwenye kompyuta mpakato yenye betri nzuri na router iliyofungwa kwenye betri ya akiba, huyo ndiye mwenyeji wenu. Akiwa hayupo, msiendelee na safari yenu, fungueni nyingine. Gemu lina nafasi tatu za kuhifadhi, basi haina haja ya kugombana. Na wote muwe na toleo lilelile: ambaye Steam yake haijasasisha hataingia.

Kisha mgawane kazi. Wageni huingia jengoni wote wanne, na hilo naliona kosa kubwa kuliko yote. Mmoja abaki chomboni. Si kazi ya uvivu. Mbele yake kuna skrini ya rada inayomfuata mchezaji mmojammoja: vidoti vya wenzake, vidoti vyekundu vya viumbe, vipande vya skrepa, na milango mizito yenye msimbo wa herufi na tarakimu. Akikaa kwenye kompyuta ya chomboni na kuandika msimbo kama B3, mlango huo unafunguka au kujifunga. Bunduki za mtambo na mabomu ya kutegwa nayo yana misimbo yao. Ukiuandika, vinazimika kwa muda mfupi, na mwenzako anapita. Sasa mtazame akiwa kazini: anaona kidoti chekundu kinasogea nyuma ya mwenzake, kinasimama mwenzake anapogeuka, kinasogea tena. Anabonyeza redio na kusema polepole, “Usigeuke haraka. Kuna kitu nyuma yako, mlango wa kulia uko wazi.” Mtu mwenye sauti tulivu hapo anaokoa maisha kuliko mwenye koleo. Mpeni kazi hiyo yule anayeogopa zaidi siku ya kwanza. Atalijua gemu bila kulazimika kuingia gizani, na siku ya pili mwenyewe ataomba ashuke.

Ndipo tunafika kwenye ununuzi. Mnaanza na fedha 60. Tochi ya kawaida ni 15, redio ya mkononi 12, koleo 30. Ushauri wangu ni tochi mbili na redio mbili, jumla 54: redio moja kwa mtu wa chomboni, nyingine kwa anayeongoza ndani. Koleo lingojee mauzo ya kwanza. Anayeanza akiwa na koleo hushawishika kupigana, na viumbe vingi vya humo si vya kupigana navyo. Tochi na redio hutumia chaji, na chomboni kuna mahali pa kuchajia ukutani. Jizoesheni kuchaji kila kabla ya kutoka.

Mikononi una nafasi nne tu, na vitu vikubwa hushikwa kwa mikono miwili, hivyo huwezi kushika tochi. Uzito nao hukupunguza mwendo. Usijaze mikono kwa tamaa ukiwa mbali na mlango. Rundikeni karibu na lango kuu, kisha hamisheni kwa pamoja.

Je, msome kwanza kuhusu viumbe wote? Hapana. Kutokujua ni starehe ambayo mtaipata mara moja tu, na chomboni kuna daftari la viumbe linalojijaza kila mnapomulika kiumbe kipya kwa kitufe cha kuchunguza. Hata hivyo wapo wachache ambao bila kuwajua mtakufa mfululizo na kukata tamaa. Bracken hukunyemelea kwa nyuma; mtupie jicho, naye atarudi gizani, lakini ukimkazia macho kwa muda anakasirika na kukuvunja shingo. Coil-Head ni kinyume chake kabisa: anasimama tuli maadamu kuna mtu anamtazama, na ukipepesa tu amefika. Kwa huyo mtu mmoja anatazama huku mwenzake akifungua njia, kisha mnapokezana. Hoarding Bug hana neno na mtu mradi usiguse rundo lake. Snare Flea hujibandika darini na kuangukia kichwa. Mwenzako ampige haraka. Na mkisikia muziki wa kisanduku kinachozungushwa mkono, huyo ni Jester. Acheni kila kitu mtoke nje ya jengo, nyote. Wote mkishatoka, anarudi kuwa kisanduku.

Yupo pia msichana wa mzimu ambaye humwandama mtu mmoja, na ni huyo peke yake anayemwona na kumsikia. Mwenzenu akisema kuna mtoto anacheka na nyinyi hamsikii kitu, mwaminini.

Kabla ya kushuka popote, mtu wa chomboni aandike neno MOONS kwenye kompyuta na kusoma hali ya hewa. Miezi ya Experimentation, Assurance na Vow ni bure kwenda. Anzeni Experimentation, njia yake ya kufika mlangoni ni fupi. Miezi kama Rend, Dine na Titan ina utajiri, lakini nauli yake inaanzia 550, si ya wanaoanza. Radi ikiwepo, vitu vya chuma huvuta umeme: kikianza kutoa cheche mkononi kidondoshe na ukimbie. Mafuriko hupanda kadiri siku inavyoendelea. Neno Eclipsed likionekana, msiende, kwani viumbe vya nje vinakuwepo tangu asubuhi.

Na msiuze mapema. Kampuni inanunua kwa asilimia ndogo mwanzoni na kwa thamani kamili siku ya mwisho, hivyo tunzeni skrepa chomboni hadi siku hiyo, mkauze kinachotosha kiwango na kubakiza ziada kwa duru inayofuata. Pale kaunta kuna kengele. Ipigeni mkangoje kwa utulivu. Kelele nyingi humkasirisha aliyeko nyuma ya ukuta.

Kwa wenye hofu halisi, gemu limewafikiria kidogo. Mwenye woga wa buibui awashe kwenye mipangilio chaguo linaloondoa umbo la buibui na kuweka neno SPIDER badala yake. Watoto wadogo wasiwepo chumbani. Sauti peke yake zinatosha kuwaharibia usingizi. Na mods, zile nyongeza za mashabiki zinazoruhusu hata wachezaji zaidi ya wanne, ziacheni kwa wiki za mwanzo. Zikitofautiana kati ya kompyuta na kompyuta, mtatumia jioni nzima kutafuta kwa nini mmoja hawezi kuingia.

Limebaki la wenzo, ule mkono unaoondosha chombo. Kubalianeni kabla ya kushuka nani anaruhusiwa kuuvuta na kwa sharti gani. Sababu ni hii: wote mkifa, skrepa yote iliyomo chomboni inapotea. Akibaki hai hata mmoja akaondoka, mzigo unasalimika, mnatozwa faini kwa waliokufa, na faini hiyo hupungua mwili ukirudishwa chomboni. Basi wekeni saa, mathalani saa tatu usiku kwa saa ya gemu: asiyejibu redio hadi hapo, chombo kinaondoka. Wenzenu waliokwisha kufa nao wana kura ya kukiharakisha. Aliyeachwa nje asinune, kwa maana asubuhi inayofuata ya gemu anasimama chomboni na wenzake, mzima, na skrepa aliyoiokota jana ingali sakafuni.