Kadondoka toka juu ya fuso, usimkunje

Juzi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, mbeba mizigo kadondoka toka juu ya fuso la dagaa, kifua kimepiga ukingo wa bodi, na kabla hajamaliza ata kuguna jamaa wawili washamnyanyua, mmoja kwapani mwingine miguuni, wanataka kumpakia bodaboda mshikaki. Nikapiga kelele mpaka wakaniona mchawi.

Ishu iko hivi. Mbavu jozi 12 zimeshikana kwa nyuma na pingili 12 za uti wa mgongo, na nyingi zinakuja kukutana mbele kwenye mfupa wa kidari, yani ni tenga moja lililosukwa. Kishindo kikivunja mbele, chukulia na nyuma pameguswa mpaka hospitali iseme hapana. Mgonjwa mwenyewe akisema mgongo uko poa usimwamini sana, maumivu ya mbavu yanafunika ya mgongo, au kapiga pombe zake, au mguu umevunjika nje nje na wote mnautazama mguu.

Mwambie atulie asigeuze shingo, mtu mmoja apige 112, alafu sikiliza pumzi. Akiongea sentensi nzima ni nafuu kidogo. Akikatakata kila neno, midomo inabadilika rangi, au akivuta hewa kipande cha kifua kinazama wakati kingine kinapanda, hapo mbavu kadhaa zimevunjika kila moja sehemu mbili na pafu la chini yake linaweza kuwa limepondeka, hakuna kusubiri. Kama kuna tundu kifuani hewa inaingia, usilizibe na mfuko wa plastiki, hewa ikinasa ndani inalikandamiza pafu na moyo. Liache wazi. Na pumzi inashinda mgongo siku zote: asipopumua, au moto unakuja, mvute, mgongo utajadiliwa baadae.

Kumgeuza au kumweka kwenye ubao kunataka watu wanne na ubao wenyewe, mbao za mitumbwi pale hazikosekani. Mmoja anapiga magoti kichwani, anashika kichwa kwa mikono miwili, na huyo ndo kamanda, wengine wote kimya. Watatu wanakaa upande mmoja: mabegani, kiunoni, miguuni. Kamanda anahesabu moja mbili tatu, wanamvuta kuwaelekea kwa pamoja kama gogo, pua na kitovu vibaki kwenye mstari mmoja, ubao unasukumwa chini yake, wanamlaza taratibu. Akitaka kutapika mnamgeuza hivyo hivyo. Pembeni ya kichwa weka kanga zilizokunjwa, na kamba ipite nyongani na mapajani ila sio kumkaba kifua.

Muulize anasikia vidole vya miguu, avichezeshe. Ganzi, au kajikojolea bila kujua, mwambie dokta mapema na useme ilianza saa ngapi.

Gari iwe ya kulaza, Noah viti vimekunjwa ata pickup, na dereva asikimbizane na kona za kupanda hospitali ya Bugando. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mwingine aifuate kituoni, mgonjwa asisubirishwe barabarani kwa ajili ya karatasi. Eksirei ikitoka safi usishangae dokta akitaka siti skani (CT scan, kipimo cha picha cha kina zaidi), mbavu nyingi zilizovunjika hazionekani kwenye eksirei ya kawaida.

Nyumbani sasa, bibi atataka kumfunga kifua kwa kanga ikaze. Shikamoo bibi, ila hapana. Akifungwa anapumua juu juu, kohozi linakaa, nimonia inaingia. Ameze dawa za maumivu alizoandikiwa ili aweze kuvuta pumzi ndefu mara kumi hivi kila saa akiwa macho, akikohoa akumbatie mto. Mbavu zinataka kama wiki sita. Homa ikipanda, pumzi ikikata au miguu ikianza kufa ganzi, mrudisheni usiku huo huo, msingoje kukuche.