Jinsi ya kupanga herufi zilizovurugwa upate maneno yenye pointi nyingi

Watu wengi wakipata herufi saba zilizovurugika, iwe kwenye Scrabble (ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi vyenye pointi) au gemu za simu, wanaanza kuzihamisha hamisha tu, hii mbele ile nyuma, wakisubiri neno lijitokeze lenyewe. Kuna siku litajitokeza kweli, ila huwezi kushinda kwa kubahatisha kila raundi. Cha kufanya ni kutafuta kwanza vipande vya neno, yaani mwanzo wake na mwisho wake, halafu katikati zinabaki herufi chache ambazo hata ukiwa umechoka utazipanga.

Chukua mfano wa Kiswahili kabisa, una A I K L M U W. Ukizitazama zilivyo huoni kitu. Sasa jiulize, mbele kunaweza kukaa nini? KU ipo, itoe uiweke kushoto. Nyuma je? WA ya kutendwa nayo ipo, iweke kulia. Umebaki na L, I na M tu, basi hapo ni KULIMWA na herufi zote saba zimeisha. Na usiishie hapo, tupa jicho ubaoni, kama kuna A iliyokaa wazi na nafasi ipo unapata WAKULIMA, kama ni I unapata KULIMIWA, herufi ni zilezile. Mtu anayezungusha herufi bila mpango angeona WALIMU au KULIMA akaridhika, kumbe ameacha herufi moja mkononi na bonasi imempita. Kwenye Scrabble ukimaliza zote saba kwa mkupuo mmoja unaongezewa pointi 50, na hizo 50 ndo zinazoamua mechi nyingi.

Kwa hiyo vizoee vipande. Kiswahili mbele kuna KU, WA, KI, VI, MA, JI, nyuma kuna ISHA, ANA, IKA, IWA. Halafu kuna herufi zinazotembea pamoja, N na G, N na Y, M na B, S na H, na C bila H haikusaidii chochote. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu so usipoteze muda kujaribu kumalizia na T au K.

Kiingereza ni vilevile, vipande tu vinabadilika: ING, ED, ER, EST, RE, UN. Ukiwa na A D G I N R T toa ING uiweke pembeni, zinabaki A D R T, hapo DART inaonekana haraka, basi DARTING, ukizigeuza tena unapata TRADING. S nayo ni kipande, inakaa mwishoni mwa maneno mengi ya Kiingereza, ndo sababu wachezaji wazuri hawaitupi hovyo. Kwenye mfuko wa herufi 100 za Kiingereza S ziko 4 tu, na zile tupu zisizoandikwa kitu ziko 2. Tupu yenyewe haina pointi hata moja lakini mimi naiheshimu kuliko Z, kwa sababu inageuka herufi yoyote unayoitaka na inakufungulia neno la herufi saba.

Sasa pointi, kwenye herufi hizohizo za Kiingereza. Q na Z ni 10 kila moja, J na X ni 8, K ni 5, na irabu zote ni 1 1. Kosa naloliona sana ni mtu kuikumbatia Q raundi nzima nzima akisubiri U, maana maneno mengi ya Kiingereza Q inafuatwa na U. Usisubiri, kuna QI inakupa 11 bila U yoyote, na ZA nayo 11, JO 9. Haya maneno ya herufi mbili yajue kwa kichwa, kwa sababu yanakuruhusu kuweka neno lako sambamba na jingine na kuhesabiwa pande zote mbili. Mfano, X ikiangukia kwenye mraba unaozidisha pointi za herufi mara 3, na kuna A kushoto kwake na A nyingine juu yake, umetengeneza AX mara mbili, kila moja ni 1 jumlisha 24, jumla 50 kwa herufi moja tu! Kwa hiyo kabla hujakimbilia neno refu angalia kwanza ile miraba ya rangi inayozidisha pointi iko wapi, neno fupi mahali pazuri mara nyingi linalipiga neno refu lililokaa pabaya.

Mazoezi ni rahisi na hayahitaji hata mpinzani. Chukua herufi 4 tu, mfano A I L M, uzibane mpaka ziishe: MALI, MILA, LIMA, LAMI, IMLA. Wengi wanafika matatu wanaacha. Ukiwa kwenye simu bonyeza kile kitufe cha kuchanganya, ukiwa mezani zipange duara, maana zikikaa mstari mmoja jicho linang'ang'ania mpangilio uleule. Kujua maana si lazima, Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa haongei, alikariri tu maneno.

Zile programu za intaneti ambazo unaingiza herufi zinakutolea orodha, zitumie mechi ikishaisha, uone ulichokosa na kipande gani hukukiona. Katikati ya mechi ni wizi, na hutajifunza kitu.

Na ukikwama kabisa, labda una I tatu na U mbili, badilisha herufi zako kwa nyingine za mfukoni. Ndiyo unapoteza zamu, na mfuko lazima uwe na herufi zisizopungua 7, ila ni bora kuliko kuweka vineno vya pointi 3 raundi nne mfululizo. Ukibadilisha bakisha tupu, S, na E au R kama unazo, rudisha zilizobaki zote.