Jaribu hivi uone mkono unavyojikunja
Kaa mbele ya meza nzito, weka kiganja chini yake kama unataka kuinyanyua, halafu mkono wa pili ushike ule msuli wa mbele juu ya kiwiko. Nyanyua taratibu, utasikia baisepsi imekaza. Sasa weka kiganja juu ya meza ukandamize chini, shika nyuma ya mkono, hapo traisepsi ndo inakuwa ngumu na ya mbele inalegea. Yaani msuli unajua kuvuta tu, kusukuma hauwezi kabisa, ndo maana inakaa miwili miwili, mmoja unakunja mwingine unanyoosha, mfupa unafuata unakovutwa.

Papasa mkunjo wa kiwiko utagusa kamba ngumu, hiyo kano, inaunganisha baisepsi na mfupa wa upande wa dole gumba. Imeshikia sentimita chache tu kutoka kwenye kiwiko wakati ndoo unaishika mbali huko kiganjani, kwa hiyo ndoo ya kilo 5 inaudai msuli nguvu mara kadhaa ya uzito huo. Hasara? Hapana bana, msuli ukijifupisha kidogo tu kiganja kinasafiri mbali, tena kwa spidi.

Rudia kunyanyua kwa mgongo wa kiganja, baisepsi itapoa kidogo, kazi kubwa inachukuliwa na msuli uliojificha chini yake.