Kumsaidia kwa simu mtoto anayesoma kwa shida: Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wazazi wengi wa Unguja na Pemba, wakiona mtoto anabaki nyuma, hukimbilia katuni za Kiingereza mtandaoni. Ninashauri usianzie huko. Mpe mtoto aya fupi ya Kiswahili aisome kwa sauti. Akikwama katika maneno kama "ng'ombe" na "mbwa", basi tatizo ni kusoma kwenyewe, na lugha ya pili itamzidishia mzigo tu.

Kwa mtoto huyo fungua African Storybook, maktaba ya bure iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, uchague Kiswahili na ngazi ya kwanza, yenye maneno machache chini ya kila picha. Ngazi haifuati umri: wa darasa la nne asiyeunganisha silabi aanzie hapo hapo, ila asisomeshwe mbele ya wadogo zake wakamcheka. Programu ya simu ya maktaba hiyo huhifadhi hadithi ulizozipakua, kwa hiyo mzazi wa Micheweni, Pemba, anaweza kuzipakua siku akiwa na bando, na mtoto akazisoma bila intaneti baada ya kutoka chuo cha Kurani.

Simu peke yake haisomeshi. Soma wewe kwanza huku kidole kikifuata maneno, kisha someni pamoja, kisha mwachie, na hadithi hiyo hiyo irudiwe siku kadhaa hadi aisome bila kusitasita. Akikwama, nyamaza kidogo ajaribu. Papara ya kumtajia neno humzoesha kubahatisha.

Akishasoma Kiswahili vizuri, mfungulie kwa Kiingereza hadithi anayoijua tayari, kwani nyingi zimo kwa lugha zote mbili. Hapa asikilize kabla ya kusoma, maana herufi za Kiingereza hazina msimamo: "a" ya "cat" siyo "a" ya "cake". StoryWeaver, ya shirika la Pratham Books la India, ina hadithi za Kiingereza zinazosomwa kwa sauti huku maneno yakionyeshwa kwa rangi yanapotamkwa.

Ikiwa mtoto huisogeza simu karibu mno na uso, au huomba kila neno lirudiwe, mpeleke hospitali akapimwe macho na masikio kabla ya kumwita mvivu, na umweleze mwalimu wake wa skuli ili akae mbele.